Fundi Aliyekuwa Akifumua Suruali Zake Mwenyewe

Saa moja na nusu asubuhi, fundi anafungua kufuli la chumba chake cha kushonea, anatundika koti kwenye msumari, kisha anafanya jambo ambalo mafundi wenzake hawalifanyi. Anachukua futi iliyoning'inia shingoni na kujizungushia kiunoni mwenyewe. Havuti tumbo ndani. Anashusha pumzi yote, anasoma, anaandika kwenye daftari.

"Thelathini na tisa na nusu," anasema. "Kama jana. Leo hatuna ugomvi, mimi na tumbo."

Bado haketi. Anatoka tena, anaupita mlango wa mshona viatu, anakata kona kwenye mashine ya kusaga nafaka, analizunguka jengo zima na kurudi alikoanzia. Mara nne. Mshona viatu ameyaona haya kila siku kwa mwaka mzima, lakini hachoki kumchokoza.

"Fundi Futi! Unamkimbia nani leo?"

"Namkimbia daktari!"

"Sasa mbona unazunguka? Si utakutana naye mbele?"

"Nikikutana naye nitamsalimu nimpite!"

Anarudi akiwa na jasho jembamba kwenye paji la uso, anakunywa maji, ndipo anaketi kwenye cherehani. Ana miaka sitini na mmoja. Arobaini na miwili kati ya hiyo ameimalizia ndani ya chumba hiki, akishona suruali. Suruali tu. Mashati hakuwahi kuyagusa, kwa sababu mashati yalikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe huyo hayupo. Chumba kina cherehani mbili zinazotazamana, kiasi kwamba mafundi wawili wakiinua macho kwa pamoja lazima waonane. Moja inafanya kazi. Ya pili imefunikwa shuka safi, na hakuna anayeruhusiwa kuweka juu yake hata kibobini cha uzi. Mteja mmoja aliwahi kuegesha kofia hapo, akaombwa kwa upole aitoe.

"Hiyo ni ya Kola," fundi anasema. "Alishona mashati hapo zaidi ya miaka arobaini. Sasa ni mwezi wa nane hajakanyaga hapa. Ana presha, anavuta sigara, dawa hanywi. Na mimi ndiye niliyemfukuza kwa mdomo wangu."

Alhamisi ya wiki hii kuna kliniki ya moyo. Fundi amemsihi nesi amwandike Kola kwenye orodha, ingawa Kola mwenyewe hakuombwa ruhusa. Kadi anayo mfukoni. Ametuma ujumbe mara tatu kupitia kwa jirani, na majibu hayajaja. Kama Kola atatokea Alhamisi au hatatokea, hilo ndilo linalomnyima raha, na halifichi.

"Nimeshaona linavyokwenda," anasema. "Nimeliona kwenye daftari."

Daftari zenyewe ziko ishirini na tatu, zimepangwa juu ya rafu karibu na dirisha. Ya kwanza imeliwa na mende pembeni. Ndani yake, kwa mwandiko wa kijana aliyekuwa akijitahidi, kuna viuno vya mtaa mzima: ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja. Ukurasa wa kwanza kabisa una viuno viwili, cha kwake na cha Kola. Walipimana wenyewe siku walipopokewa kazini, wakiwa na miaka kumi na tisa kila mmoja. Wote wawili walikuwa inchi ishirini na nane.

"Tulikuwa vijiti," anacheka. "Ukitusimamisha mlangoni, upepo unapita."

Walifika wiki moja kwa fundi mkuu, mzee mkali waliyemwita Babu Mkasi kwa sababu aliwahi kumrushia mteja mkasi, na kwa bahati akamkosa. Babu Mkasi aliwatazama mikono, akamwambia mmoja atashona suruali na mwingine mashati, na asisikie mtu analalamika. Hawakulalamika. Mmoja akawa Futi, mwingine akawa Kola, na majina ya wazazi wao yakabaki kwenye vitambulisho.

Ukimwachia fundi azungumzie miaka ile, kazi inasimama. Anaweka kitambaa kando na macho yanakwenda mbali.

Cherehani zilikuwa za miguu. Ulikanyaga kuanzia asubuhi mpaka magharibi, na siku za kuelekea sikukuu wawili hao walitoa nguo kumi na moja kwa siku. Kuja kazini walitembea nusu saa, kurudi nusu saa, kwa sababu nauli ilikuwa anasa. Chumba kilikuwa na redio moja yenye waya badala ya antena. Kola alikuwa na sauti nzuri na Futi hakuwa nayo, lakini aliyeimba sana ni Futi.

"Tulikuwa hatuna kitu," anasema. "Lakini nakwambia ukweli, sijawahi kuwa tajiri kama wakati ule. Unalala, unalala kweli. Unakula, chakula kinakwisha mwilini. Ngazi ulikuwa huzioni kama ni ngazi."

Anaguna. "Basi ndiyo hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki."

Maji yalianza kumwagika miaka kumi na saba iliyopita, na walioyamwaga walikuwa wakishangilia. Siku hiyo walifungiwa mota za umeme kwenye cherehani. Ukigusa kidogo kwa ncha ya kiatu, sindano inakimbia yenyewe. Walinunua keki, wakaita majirani. Mwaka uleule kituo cha magari kikasogezwa hadi mbele ya jengo, na miguu ambayo ilikuwa ikifanya kazi kutwa nzima ikapewa likizo isiyo na mwisho.

Halafu kulikuwa na soda ya fundi. Hapa ni desturi: mteja akija kuchukua nguo yake na ikamkaa vizuri, anamnunulia fundi soda. Kuikataa ni kama kusema nguo yenyewe huiamini. Siku njema, fundi huyu alikunywa tano, siku ya sikukuu nane. Kola alikuwa akipewa sigara, kwa kuwa kila mtu alijua hapendi vitu vitamu.

Mke wa fundi, mama mcheshi anayeuza vifungo na nyuzi katika chumba cha pili, anasimulia sehemu inayofuata kwa sababu mumewe huionea aibu.

"Huyu bwana alikuwa na suruali kumi na nne," anasema, "na zote zilimtosha. Miaka ishirini zilimtosha! Nani mwenye bahati hiyo duniani? Mimi magauni yananikataa kila mwaka mpya, yeye suruali aliyooa nayo bado anaivaa. Nikawa namwonea wivu. Kumbe!"

Kumbe alikuwa akifumua. Kila fundi mzuri wa suruali huacha kitambaa cha akiba nyuma ya kiuno, ili mwenye nguo akinenepa aongezewe. Fundi huyu alijiachia inchi tatu katika kila suruali. Ikimbana, anasubiri mkewe aende sokoni, anafumua mshono, anaachia kidogo, anapiga pasi. Akiba ikiisha, anaunga kipande cha rangi ileile pale ambapo mkanda unakificha.

"Wenzangu suruali ikiwabana wanashtuka," fundi anakiri. "Inawaambia: bwana, umezidi. Mimi suruali yangu ikianza kusema, naifumua mdomo. Mvuvi hawezi kujidanganya hivi, mwalimu hawezi. Ni fundi cherehani peke yake anayeweza kunenepa inchi kumi na saba asijue."

Kutoka ishirini na nane hadi arobaini na tano! Viuno vya watu wote aliviandika. Chake, baada ya ule ukurasa wa kwanza, hakukiandika tena kamwe.

Vya wengine aliviona. Anafungua daftari la kumi na nne na kuonyesha mstari wa mwalimu wa hesabu, mteja wake wa miaka mingi. Thelathini na moja. Thelathini na tatu. Thelathini na sita. Arobaini. Arobaini na tatu. Halafu mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu alianguka akifunga lango la shule, moyo ukasimama, na suti yake mpya ilikuwa bado imetundikwa hapa ikisubiri kupigwa pasi.

"Nilikuwa naona namba zinapanda, nanyamaza," anasema. "Ndivyo tulivyofunzwa. Babu Mkasi alituambia kiuno cha mtu ni siri yake, futi haina mdomo. Namba haitamkwi mbele za watu. Unaandika, unakunja daftari. Ukimwambia mteja amenenepa, kesho yuko kwa fundi mwingine."

Ni adabu nzuri kwa biashara. Lakini ni adabu iliyomgeuka mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita mkewe aliona damu kwenye soksi yake. Alipomvua, alikuta pini ya kichwa cheupe imezama kwenye unyayo. Ilikuwa humo tangu asubuhi, naye alikuwa ametembea nayo kutwa.

"Nikamuuliza, hukusikia? Akaniambia, 'Mama, mguu wa fundi umekomaa.' Alikuwa anajisifu! Akawaita na majirani waje kuuona mguu wa chuma."

Haukuwa umekomaa. Kilikuwa kisukari, kinachokula mishipa ya fahamu taratibu mpaka mguu unapoteza habari za pini. Lakini nani angejua? Kiu aliyokuwa nayo aliisingizia joto la pasi, na kiu hiyo aliituliza kwa nini? Kwa soda.

Mwaka jana, mchana mmoja wa kawaida, akiwa anapiga pindo la suruali, mwili ulimwisha nguvu. Jasho la baridi lilimtoka hadi kitambaa kikalowa. Tumbo la juu lilikuwa kama limejaa gesi. Kifua hakikumuuma hata kidogo, ndiyo maana aliomba chai ya tangawizi na kutaka kuendelea na pindo.

Aliyekataa ni Kola. Alimtazama kutoka cherehani ya pili, akasimama, akazima mota zote mbili ukutani. "Uso wako umekuwa wa karatasi," alimwambia. "Inuka twende." Futi akasema ni gesi. Kola akamjibu kwamba gesi hailowanishi suruali ya mteja, akamkokota mpaka kwenye teksi akiwa bado amevaa futi shingoni.

Kipimo kilionyesha mshtuko wa moyo. Kilionyesha na kovu la mshtuko mwingine wa zamani, ambao yeye hana kumbukumbu nao kabisa.

Daktari wa kliniki ya moyo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, anaeleza kwamba jambo hilo hutokea. "Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu ya kifua, kwa sababu mishipa ya kupeleka taarifa imeharibika. Anahisi uchovu tu, au jasho, au tumbo. Watu wanadhani magonjwa haya yanakaa kila moja chumba chake. Hayakai hivyo. Sukari inaumiza mishipa ya damu, presha inaipasua taratibu, sigara inaibana, tumbo kubwa na kukaa kitako kutwa vinaongeza vyote. Mwisho wa safari zote ni moyo."

Na kiuno je, kinatosha kumwambia mtu hali yake? "Hapana. Kuna wembamba wanaougua pia. Kiuno ni kengele tu. Lakini kengele ikilia, nenda ukapime."

Fundi alitoka wodini mtu mwingine. Soda aliacha. Mkewe alipunguza chumvi na mafuta, na nyumba nzima ikanuna wiki mbili kisha ikazoea. Alimwita fundi wa umeme akang'oa mota, akarudisha mkanda wa ngozi na kanyagio la miguu. Kazi ikapungua, kwani sasa anatoa suruali tatu kwa siku badala ya sita. Na akaanza kutamka namba.

Alizitamka kwa sauti! Mteja akisimama mbele ya kioo, fundi anapima, anataja, anauliza umepima sukari lini, umepima presha lini. Wengine walicheka. Wawili walikwenda kupima kweli, na mmoja wao amerudi na sahani ya matunda kumshukuru. Kadhaa walihama. Mwandishi wa makala haya naye alizungushiwa futi kabla hajapewa hata kiti. Alijaribu kuvuta tumbo ndani, akapigwa kofi jepesi la mgongoni ili alitoe. Namba iliyopatikana haitachapishwa hapa.

Kosa la fundi lilikuwa kumtendea Kola kama mteja.

Ilikuwa Jumamosi, chumba kimejaa watu. Kola alikuwa amekwishapimwa presha siku ileile alipompeleka mwenzake hospitali, ikakutwa iko juu sana, akapewa vidonge. Alivimeza mwezi mmoja, akajisikia vizuri, akaacha. Futi aligundua kopo lenye vidonge vilivyobaki nyuma ya sanduku la vifungo. Badala ya kumvuta pembeni, alivua futi shingoni, akamzungushia Kola kiunoni mbele ya wateja saba, akatangaza.

"Nilisema, 'Arobaini na sita! Jamani mwoneni, arobaini na sita, presha juu, sigara mkononi, na dawa kazificha kama mtoto! Huyu anasubiri kufa nimzike mimi!' Ndivyo nilivyosema. Neno kwa neno. Na watu wakacheka."

Anachukua chaki ya kuchorea kitambaa, anaigeuzageuza vidoleni.

"Kola ni mtu nadhifu. Katika miaka yote hiyo sijamwona na kola chafu. Alikunja shati aliloshona, akampa mwenyewe, akachukua mkasi wake, akatoka. Nikasema atarudi Jumatatu."

Kola anaishi upande wa pili wa mji, katika chumba kimoja chenye baraza dogo. Ni mjane, watoto wake wawili wanafanya kazi mbali. Mwandishi anamkuta akishona vifungo kwa mkono, shati jeupe limemkaa mwilini bila kunyanzi. Pembeni kuna kisahani chenye vichungi vitatu vya sigara. Anaingia ndani kuleta kiti, na akirudi inambidi asimame kwanza, mkono ukutani, mpaka pumzi imrudie.

"Amekutuma?" anauliza.

Hakutumwa mtu. Kola anatikisa kichwa kama ambaye hasadiki, lakini anamwaga maji kwenye glasi na kumpa mgeni.

"Alichosema kilikuwa kweli," anasema. "Ndiyo maana nilikasirika. Angenisingizia ningecheka na wengine. Lakini mtu niliyemkokota kwa mikono hii, anageuka ananifanya kichekesho? Hata Babu Mkasi, na ukali wake wote, hakumtangaza mtu."

Na dawa je?

"Nilikunywa nikapona."

Nani alimwambia amepona?

"Si nilijisikia mwenyewe? Kichwa hakiumi, sioni kizunguzungu, nasimama." Anaitazama glasi. "Najua, najua. Nesi alisema presha haina maumivu, dawa yake si ya kuacha. Nilisikia. Masikio ninayo."

Anashona kifungo kimoja, anakata uzi kwa meno.

"Naogopa. Andika hivyo, hakuna ubaya. Marehemu mke wangu aliingia hospitali kwa miguu yake na hakutoka. Mtu usipopima, unabaki na lile la pengine. Pengine sina kitu. Ukishapima, pengine inakwisha."

Alipoulizwa kuhusu Alhamisi, aliuliza tu kama cherehani yake bado imefunikwa, au imeshaanza kutumiwa kama kabati. Alipoambiwa habari za shuka na kofia ya yule mteja, aligeuza uso akajifanya anatafuta sindano.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, kliniki ya moyo imejaa. Iko ghorofa ya pili na lifti ni mbovu, jambo ambalo wagonjwa wanalizungumzia kwa mizaha michungu. Fundi yuko kwenye benchi tangu saa moja. Ana kadi mbili: namba kumi na saba, yake, na namba kumi na nane. Kila mlango wa ngazi unapofunguka, anainua kichwa.

Inaitwa kumi na tano. Inaitwa kumi na sita. Fundi anampisha mama mwenye mtoto mgongoni, kisha anampisha mzee mwenye fimbo, mpaka nesi anamwuliza kama amekuja kutibiwa au kuongoza foleni.

"Namsubiri mwenzangu."

"Mwenzako ana simu?"

"Anayo. Hapokei yangu."

Saa nne na robo, kikohozi kinasikika ngazini. Fundi anakitambua kabla hakijakwisha. Anafika kwenye ukingo wa ngazi na kuchungulia chini, na pale katikati, ameshika chuma kwa mikono miwili, shati jeupe likiwa limelowa mgongoni, amesimama Kola.

Hawakukumbatiana. Fundi alishuka vidaraja vyote mpaka alipo, akasimama naye.

"Umechelewa," alisema.

"Ngazi zenu ndefu."

"Tukae kwanza?"

"Tukae."

Wakaketi palepale kwenye daraja, watu wakiwapita. Fundi alisema jambo kwa sauti ya chini, ambalo mwandishi hakulisikia na hakuona vyema kuuliza. Kola akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti ya sigara, akampa fundi. Wakainuka.

Mashine ya presha ilijaa upepo, ikashuka, ikatoa mlio. Mia moja tisini na nane, chini mia moja kumi na sita. Nesi alihamia mkono wa pili, akapima upya, akapata karibu vilevile. Uso wake ukabadilika.

"Baba, umepanda ngazi na hii?"

"Nimepumzika mara mbili."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kola alilazwa kitandani, nyaya zikabandikwa kifuani, karatasi ikatoka na mistari yake. Daktari aliisoma, akamsikiliza mgongo, akambonyeza miguu iliyovimba. Alimwambia bila kuzunguka: misuli ya moyo imekuwa minene kwa kusukuma damu kwa nguvu miaka mingi, na maji yameanza kujaa kwenye mapafu. Angekaa nyumbani wiki nyingine chache, pengine wasingekuwa na mazungumzo haya.

"Nimechelewa?" Kola aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ulikuwa njiani kuchelewa," daktari alisema. "Unalazwa leo. Dawa hizi utakunywa na hutaacha hata ukijisikia kijana wa miaka ishirini. Sigara imekwisha. Tutakusaidia na wewe utusaidie."

Nesi alikuja na fomu. Jina, umri, kazi, makazi. Kola alijibu yote kwa unyenyekevu wa mwanafunzi. Wakafika kwenye ndugu wa karibu, na hapo akasita. Watoto wako mbali, alisema. Kisha akanyoosha kidevu kumwelekea fundi, aliyekuwa amejibanza karibu na pazia akiwa ameshika viatu vya mgonjwa.

"Mwandike huyo."

"Ni nani wako?"

"Tumegombana miezi minane."

"Mzee, sijauliza kama mmegombana. Nauliza ni nani wako."

"Si ndiyo nakujibu, binti yangu," Kola alisema. "Mtu baki ningegombana naye miezi minane?"

Nesi alicheka, akaandika *ndugu*. Fundi hakucheka. Aligeukia ukuta na viatu vya mwenzake mkononi, mabega yakitikisika, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mwandishi alimkuta tena jioni hiyo kwenye ua wa hospitali, akisubiri mkewe alete shuka na sabuni. Alikuwa mchovu lakini ametulia. Aliulizwa ana mpango gani sasa, naye akatoa karatasi yenye mchoro wa mitaa aliouchora kwa kalamu ya risasi akiwa kwenye benchi.

Daktari amesema Kola akiruhusiwa aanze kutembea dakika kumi kwa siku, taratibu, kisha aongeze. Kutoka kwake mpaka chumba cha kushonea ni dakika thelathini kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo fundi atamfuata kila asubuhi. Siku za kwanza watafika kwenye kisima cha mtaa wake, wageuke. Wiki ya pili au ya tatu, kama moyo utakubali, watafika kwenye shule. Baadaye daraja. Chumba cha kushonea kiko pembeni kabisa mwa karatasi, na hajaandika tarehe.

"Na wateja watakaokuta mlango umefungwa asubuhi?"

"Watasubiri. Suruali haiozi."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

"Atalalamika njia nzima, namjua," alisema. "Jua kali, viatu vinabana, nakwenda haraka, nakwenda polepole. Acha alalamike. Miezi minane nimetembea peke yangu, hakuna hata mtu wa kunilaumu."